UZI: Kambi ya Balad, Iraq. Tusianze na ndege, tuanze na taka

#1 – Mzee wa Bandari

Wakuu, heshima kwenu. Wiki iliyopita kuna mtu aliandika humu kwamba kambi ya Balad "ilijengwa na Wamarekani baada ya kumng'oa Saddam". Nikambishia, akaniambia kama najua nilete uzi. Haya, mvua imenifungia ndani tangu asubuhi, umeme upo, chai ipo. Nitaweka vipande vipande maana naandika kwa simu.

Chukua ramani, itafute Baghdad, kisha panda kaskazini kilomita 64 hivi ukiufuata mto Tigris. Hapo ndipo Balad. Mji wenyewe ni wa Washia, ila umekaa katikati ya vijiji vya Wasunni: Yathrib upande huu, Dhuluiya ng'ambo ya mto. Ni ardhi ya rutuba. Mitende, michungwa na mizabibu imebanana hadi kwenye kingo za maji. Mtu akisikia Iraq anafikiria jangwa tu, lakini sehemu hii ni shamba.

Miaka ya 1980, Iraq ikiwa vitani na Iran, Saddam Hussein alijengewa hapo uwanja mkubwa wa ndege za kivita. Waliomjengea walikuwa wakandarasi wa Yugoslavia, nchi ambayo leo haipo hata kwenye ramani. Ukapewa jina la Ahmed Hassan al-Bakr, rais aliyemwachia Saddam kiti mwaka 1979. ("Kumwachia" hapo ni lugha ya adabu tu.) Njia mbili za kurukia ndege, kila moja inapita kilomita tatu, na mabanda ya zege nene yenye umbo la trapeza ya kufichia ndege. Wenyewe waliamini hakuna bomu la kuyatoboa. Mwaka 1991, kwenye Vita vya Ghuba, mabomu ya Wamarekani na washirika wao ya kuongozwa kwa leza yakatoboa mabanda ya namna hiyo katika viwanja vingi vya Iraq.

Kwa hiyo Mmarekani alipofika Aprili 2003 hakukuta pori. Alikuta uwanja, bwawa la kuogelea, hata ukumbi wa sinema wa maofisa wa Saddam. Alichofanya ni kubadilisha mashuka.

Naendelea.

#2 – Kigoda

Naweka kigoda hapa. Mzee akianza na mto, ujue leo hatulali.

#3 – Mzee wa Bandari

Waliouchukua uwanja ni Divisheni ya 4 ya Askari wa Miguu ya Marekani. Ukaitwa Eneo la Ugavi Anaconda, kwa jina la yule nyoka, na mimi naona aliyelichagua alijua anachosema, maana kazi yake kubwa ilikuwa kumeza. Malori yalitoka Kuwait yakipanda barabara waliyoipa jina la siri Tampa, mamia ya kilomita, yakileta dizeli, matairi, risasi, nyama iliyoganda, aiskrimu. Yakifika Anaconda mzigo unagawanywa kwenda kambi nyingine za kaskazini na magharibi. Sisi tuliofanya kazi bandarini tunaujua mchezo huo: anayeshika ghala ndiye anayeshika vita.

Mwaka 2008 Jeshi la Anga la Marekani likachukua usukani na jina likageuka kuwa Kambi ya Pamoja ya Balad. Kilele chake watu waliokaa mle walikaribia 36,000: wanajeshi kama 28,000, na waliobaki ni wafanyakazi wa kandarasi. Huo ni mji. Kulikuwa na mabasi yenye ruti na vituo. Kulikuwa na Burger King, Pizza Hut, Subway na mgahawa wa Waturuki. Bwawa la ndani na bwawa la nje. Kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa. Askari aliyekaa mwaka mzima pale angeweza kurudi kwao Texas hajakanyaga mtaa wa Iraq hata mara moja.

Ila jina lake la mtaani lilikuwa "Kijiji cha Mota", kwa sababu karibu kila siku ilikuwa inarushiwa makombora madogo kutoka mashambani. Jamaa anakuja na pikapu, anaweka bomba lake katikati ya mitende, anafyatua matatu manne, anaondoka. Mengi yalidondoka patupu, kwa kuwa eneo lilikuwa kubwa mno. Machache hayakudondoka patupu. Baadaye wakafunga mizinga yenye rada, ile ya kutoka kwenye meli za kivita, ya kulipua kombora likiwa bado hewani. Inatema maelfu ya risasi kwa dakika, na waliowahi kuisikia wanasema ni kama turubai kubwa linachanwa juu ya kichwa chako.

#4 – Nyuki wa Tabora

Mkuu, hii si ndiyo ile Iran iliipiga kwa makombora 2020? Naona unazunguka tu.

#5 – Mzee wa Bandari

Hapana ndugu yangu. Ile ni Ain al-Asad, mkoa wa Anbar, tarehe 8 Januari 2020, baada ya Wamarekani kumuua jenerali wa Iran, Qassem Soleimani. Balad nayo ilionja roketi mwezi huohuo, lakini za wanamgambo, na walioumia tarehe 12 walikuwa wanajeshi wanne wa Iraq wenyewe. Watu wanazichanganya sana hizi mbili.

#6 – Nyuki wa Tabora

Sawa, nimekubali. Endelea.

#7 – Mzee wa Bandari

Mambo mawili ya Balad yalitangazwa sana duniani, nayapitia haraka.

La kwanza, mauaji ya Abu Musab al-Zarqawi, kiongozi wa al-Qaeda nchini Iraq, 7 Juni 2006. Jenerali Stanley McChrystal na kikosi chake maalumu walikuwa na makao yao mlemle, wakishinda mbele ya skrini za droni. Nyumba aliyokuwemo Zarqawi ilikuwa Hibhib, karibu na Baquba. Ikapigwa mabomu mawili na ndege za F-16, na maiti ikaletwa Balad kutambuliwa.

La pili ni hospitali. Kwa miaka ya mwanzo ilikuwa mahema matupu yaliyounganishwa. Majeruhi akishushwa kwenye helikopta alipitishwa chini ya turubai lililotandikwa bendera kubwa ya Marekani kwenye dari, ili aliyelala chali aione. Pakaitwa Barabara ya Mashujaa. Wenyewe walisema kati ya Wamarekani 100 waliofika pale wakiwa hai, 98 waliondoka hai. Wairaki pia walitibiwa humo, wakiwemo watoto. Hilo tuliseme, haki itendeke.

Sasa lile ambalo halikutangazwa sana. Mwaka 2003, karibu na Dhuluiya, matingatinga ya jeshi yalikata mitende na michungwa ya wakulima. Waandishi waliofika Oktoba waliambiwa na wanakijiji kwamba ilikuwa adhabu kwa kutowataja waliokuwa wakishambulia askari. Mwenzangu wa Pwani, wewe unajua kukatiwa minazi ni nini. Mtende unachukua miaka mingi kabla ya kukupa tende za maana, na huo aliupanda babu. Halafu kesho mtu huyohuyo aje getini kuomba kibarua.

Na Oktoba 2006 Washia wa Balad na Wasunni wa Dhuluiya wakachinjana kwa siku kadhaa. Vibarua waliotekwa walikutwa wamekatwa vichwa, kisha kisasi mjini, makumi ya watu wakafa. Kilomita chache tu kutoka kwenye Pizza Hut.

#8 – Binti wa Mvita

Assalaam alaykum. Mimi naingilia hapo kwenye malori.

Baba yangu mdogo aliendesha lori Kuwait tangu 2002. Vita ilipokuja, kampuni yake (siitaji) ikawaambia kuna safari za "mpakani" zenye nyongeza. Mpaka ukawa unasogea. Mara Basra, mara Nasiriyah, mara akajikuta Anaconda kwenyewe. Pasipoti iko kabatini mwa meneja, utakataa vipi? Anasema malori ya wanajeshi yalikuwa na chuma mlangoni na yeye alikuwa na kioo chenye zulia dogo la Makka. Akifika kambini wanalala ndani ya lori, kwenye uwanja wa vumbi waliotengewa, siku mbili tatu, wanapikia stovu chini ya trela. Vile vyakula vyote mlivyovitaja, alikuwa anavisikia harufu tu. Beji yake haikumruhusu kuingia bwaloni.

Mnakumbuka Julai 2004? Madereva 7 walitekwa: Wakenya 3, Wahindi 3 na Mmisri 1, wote wa kampuni ya Kuwait. Sisi nyumbani tulikaa kwenye redio wiki sita. Kila aliyekuwa na mtu Kuwait alidhani ni wake, na hapo simu za mkononi hazikuwa kama leo. Nyanya alianza kusoma Yasin kila alasiri. Waliachiwa 1 Septemba, baada ya kampuni kukubali kuondoka Iraq. Siku moja kabla, habari zikafika kwamba Wanepali 12 waliotekwa wameuawa wote. Wale walikuwa njiani kwenda al-Asad, na wengine waliahidiwa kazi ya hoteli Jordan.

Kwa hiyo nikisikia "msafara wa jeshi la Marekani", mimi namuona baba mdogo na stovu lake.

#9 – Nyuki wa Tabora

Pole dada. Ila tuseme ukweli, hakuna aliyewashikia bunduki kwenda. Walifuata dola. Na Wamarekani wenyewe madereva walikufa. Ule msafara wa Ijumaa Kuu, 9 Aprili 2004, ulitoka hapohapo Anaconda ukipeleka mafuta uwanja wa ndege wa Baghdad, ukavamiwa karibu na Abu Ghraib. Madereva wa KBR, kampuni ya kandarasi ya Marekani, waliuawa, na Thomas Hamill akatekwa mpaka alipojiponyoa 2 Mei. Hao nao walifuata dola.

#10 – Binti wa Mvita

Kaka, sijasema Mmarekani hakufa. Hamill alirudi kwao, habari zake dunia nzima ikazisikia. Haki yake. Mimi nakuuliza tu: wale Waturuki karibu 30 waliokufa Januari 2007 ndege yao ya Antonov ilipoanguka ikikaribia kutua Balad, umewahi kusikia jina la hata mmoja? Walikuwa mafundi ujenzi wanakwenda kazini. Serikali ikasema ukungu, wapiganaji wakasema ni sisi tuliotungua. Ikaisha hapo.

Halafu "hakuna aliyewashikia bunduki"… pasipoti kabatini ni nini?

#11 – Kigoda

Nyuki, hapo umeumwa na nyuki mwenzio. 😀

Mzee, tuambie walinzi. Nasikia getini walikuwa Waganda.

#12 – Afande Mstaafu

Wanandugu, habari za leo. Mimi ni Mganda, Kiswahili changu ni cha jeshini, ngeli mtanisamehe. Nasoma humu muda mrefu, sijawahi kuandika. Leo imenibidi.

Nilikuwa Balad mwisho wa 2008 mpaka 2010. Kwetu kazi ya nchi za nje tunaita kyeyo, maana yake ufagio, hata kama umebeba bunduki. Waganda wa kwanza walikwenda Iraq 2005. Wakati wa watu wengi tulikuwa karibu 10,000 katika kambi mbalimbali. Wengi wetu tulitoka jeshini au polisi. Kwenye redio kazi ilikuwa Kiingereza, lakini kwenye lindo usiku, Muacholi na Mnyankole na Mlugbara watazungumza nini? Kiswahili. Askari mmoja wa Kimarekani alidhani tunazungumza Kiarabu, akaenda kutushtaki kwa sajini wake. Sajini alikuwa amewahi kukaa Djibouti, akacheka mpaka akakaa chini.

Mshahara. Waliotangulia walipata dola 1,000 kwa mwezi. Mimi nilisaini 600. Waliokuja nyuma yangu wakasaini 400. Mnara uleule, jua lilelile. Kila kampuni mpya ilipotaka kushinda zabuni, ilipunguza hapo kwetu, si kwingine. Ukilalamika unaambiwa nje ya ofisi Kampala kuna foleni. Na ni kweli foleni ilikuwepo, nimesimama mwenyewe kwenye foleni hiyo.

Ndege ya kwanza kutua ilikuwa usiku. Haishuki kama ndege za kawaida, inazunguka juu ya uwanja kama maji yanavyoingia kwenye tundu la sinki, taa zote zimezimwa, ili isipigwe. Mwenzangu mmoja alitapika ndani ya kofia yake ya chuma, na ile kofia ndiyo aliyoivaa kazini kesho yake. Hakuna nyingine.

Zamu saa 12. Julai joto linafika nyuzi 50, bunduki huigusi kwa mkono mtupu. Mimi nilikaa zaidi geti la vibarua. Wairaki wanafika kabla ya jua, wanapanga mstari kati ya kuta za zege, mmoja mmoja anainua shati, anazunguka, ndipo anasogea. Kulikuwa na mzee fundi bomba. Kila asubuhi ilibidi nimfungulishe mkate wake, ule mkate wao mpana kama ungo mdogo, anaukunjua mbele yangu, anaugeuza upande wa pili, anaukunja tena. Mikono yake inatetemeka kidogo. Wiki ya tatu akaanza kuukunjua kabla sijamwambia, akasema "jambo". Sijui nani alimfundisha. Siku moja ndani ya mkate kulikuwa na tende nne, akaniwekea mbili juu ya kiroba cha mchanga, akapita. Kupokea kitu ni kufukuzwa kazi. Nilizila.

Baadaye hakuonekana tena. Kibarua akipotea humuulizi mtu, maana aliyejulikana anafanya kazi kambini alikuwa anauawa kijijini kwake.

Mzee wa Bandari amesema ataanza na taka na mpaka sasa hajaanza. Mzee, andika habari ya moshi, halafu nitarudi.

#13 – Mzee wa Bandari

Afande, heshima kwako. Umenifanya nijione nilikuwa nahadithia sinema. Haya, taka.

Watu 36,000 wanakula, wanakunywa maji ya chupa, wanatumia sahani za kutupa mara tatu kwa siku. Hakuna lori la manispaa. Kupeleka taka nje ya geti ni kupeleka watu wakauawe. Basi wakachimba shimo la kuchomea. Eneo lake lilifika ekari kama 10, na liliwaka usiku na mchana, mwaka hata mwaka. Lilianzishiwa moto kwa mafuta ya ndege. Ndani yake kiliingia kila kitu: plastiki, matairi, betri, rangi, dawa zilizoisha muda, taka za hospitali, samani, hata magari. Kiangazi cha 2008 kiwango kilichotajwa ni tani 147 kwa siku, na kabla ya hapo kilikuwa juu zaidi.

Desemba 2006 ofisa wa afya ya mazingira wa Jeshi la Anga, Luteni Kanali Darrin Curtis, aliandika waraka wa kuonya kwamba moshi huo ni hatari kwa afya ya walioko kambini. Waraka ukakaa. Jeshi likapima hewa, likakuta sumu za dioksini na vumbi laini kupita kiasi, kisha likasema viwango havina madhara ya muda mrefu. Tanuri za kisasa zililetwa taratibu, na shimo likafungwa Oktoba 2009. Miaka sita na ushee ya moto.

Waliorudi Marekani wakaanza kukohoa. Vijana waliokuwa wanakimbia maili kadhaa sasa hawapandi ngazi. Waliambiwa ni pumu, ni sigara, ni mawazo. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa tiba liliutazama moshi wa Balad mahususi na kusema ushahidi hautoshi kuufunga na magonjwa ya muda mrefu, na kwamba vumbi la Iraq lenyewe nalo lina lake. Ndipo ikaja mikutano, maandamano, wajane. Rais Joe Biden, ambaye mwanawe Beau aliwahi kutumikia Iraq na kufa kwa saratani ya ubongo 2015, akasaini sheria tarehe 10 Agosti 2022. Imepewa jina la askari mmoja, Heath Robinson. Sasa mwanajeshi mstaafu mwenye ugonjwa uliomo kwenye orodha halazimiki kuthibitisha kwamba ulitokana na shimo. Kuwepo kwake kule kunatosha.

Mwanajeshi wa Marekani, nimesema.

#14 – Nyuki wa Tabora

Mkuu, moshi wa taka? Mbona dampo la Pugu linafuka kila siku na watu wanajenga pembeni? Dandora Nairobi je? Hatujawahi kusaini sheria.

#15 – Mzee wa Bandari

Sasa Nyuki, hiyo ni hoja ya kumtetea Mmarekani au ya kuishtaki manispaa? Ukiwa na jibu ufungue uzi wake, nitakuja na kigoda changu.

#16 – Mwalimu wa Zamani

Naongeza jambo moja la kihistoria kisha niende kusahihisha madaftari.

Wageni kuweka kambi Iraq na kutumia watu wengine kuilinda hakukuanza 2003. Waingereza walijenga Habbaniya, kwenye mto Frati magharibi ya Baghdad, wakahamia 1936. Nayo ilikuwa mji: makanisa, sinema, mabwawa, uwanja wa polo, miti iliyopandwa kwa mistari, na barabara zenye majina ya kwao. Ulinzi wakawapa Levies, kikosi cha kuajiriwa ambacho wengi wake walikuwa Waashuri, Wakristo waliokimbia mauaji ya Vita Kuu ya Kwanza. Mei 1941, baada ya mwanasiasa Rashid Ali kupindua serikali na jeshi la Iraq kuizingira kambi kutoka kwenye kilima, mle ndani kulikuwa na shule ya urubani tu na ndege za kujifunzia. Wakazifunga mabomu, wakapigana siku kadhaa, waliowazingira wakaondoka. Askari wa Levies walikuwa mstari wa mbele.

Waingereza walifunga virago 1959, mwaka mmoja baada ya mapinduzi yaliyomuua mfalme. Kikosi cha Levies kilikuwa kimevunjwa 1955, askari wake wakaachwa nchini miongoni mwa majirani waliowakumbuka kama askari wa Mwingereza. Afande, ninyi angalau mlikuwa na tiketi ya kurudi.

#17 – Afande Mstaafu

Mwalimu, tiketi ilikuwepo ukimaliza mkataba. Ukiuvunja, unajilipia. Lakini nimekuelewa.

#18 – Mzee wa Bandari

Namalizia kipande changu.

Novemba 2008 Baghdad na Washington zilitia saini makubaliano kwamba askari wote wa Marekani wawe wameondoka mwisho wa 2011. Kambi zilizokuwa zaidi ya 500 zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Balad, kwa kuwa ndiyo ghala, ilikuwa miongoni mwa za mwisho: malori yaliyokuwa yanapanda sasa yakawa yanashuka Kuwait. Ilikabidhiwa 8 Novemba 2011. Vitu vingi viliachwa hukohuko kwa sababu kuvisafirisha kungegharimu kuliko bei yake: makontena ya kulala, jenereta, viyoyozi, kuta za zege maelfu kwa maelfu.

Juni 2014 ISIS waliposhuka kutoka Mosul, Balad ikawa karibu na mstari wa mbele, na mamia ya wakandarasi wa Kimarekani waliokuwa wakiandaa mapokezi ya ndege za Iraq wakaondolewa haraka. Ndege zenyewe, F-16 nne za kwanza, zilitua Julai 2015, na ndizo zilizokwenda kupiga ISIS. Hizo F-16 zinahudumiwa kwa vipuri na mafundi wa Marekani, kwa hiyo mafundi wakarudi, roketi za wanamgambo zikarudi pia, na Mei 2021 Lockheed Martin, kampuni inayotengeneza F-16, ikawaondoa watu wake. Unaona inavyokwenda: bendera ilishuka 2011, spana haikuondoka.

Mabanda ya zege ya Wayugoslavia bado yapo.

#19 – Kigoda

Uzi wa mwaka. Moderata aubandike juu.

#20 – Mtoto wa Masaka

Samahani wakubwa, nimejiunga leo kwa ajili ya swali moja. Baba alikuwa mlinzi Iraq, kambi mbili, ya mwisho ni hii ya Balad, 2007 hadi 2009. Anakohoa mwaka wa saba sasa. Hospitali walisema si kifua kikuu, wamempima mara tatu. Hiyo sheria ya 2022 inamhusu?

#21 – Afande Mstaafu

Mtoto wangu, pole. Hiyo haimhusu, ni ya wanajeshi wao. Inayomhusu baba yako ni ya zamani, Sheria ya Kambi za Ulinzi ya 1941. Inasema kila kampuni yenye kandarasi ya jeshi la Marekani nje ya nchi lazima iwakatie bima wafanyakazi wake wote, awe Mmarekani, Mganda au Mnepali. Bima hiyo inalipia matibabu na ulemavu, hata fidia kwa familia. Wengi wetu hatukuambiwa. Mimi nililijua jambo hili Kampala, nimesharudi, kwa mtu aliyekatika kidole.

Usikubali kuambiwa "muda umepita" kabla ya kumuona wakili. Kwa ugonjwa uliotokana na kazi wanatoa miaka miwili, na hesabu haianzi siku aliyotoka Iraq. Inaanza pale alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ugonjwa unahusiana na kazi ile. Kwa hiyo karatasi ya daktari inayotaja mapafu na moshi, tarehe yake ni muhimu sana. Usiende kwa mtu anayekudai pesa mkononi kabla ya kazi. Kwa sheria hiyo malipo ya wakili lazima yaidhinishwe na wanaoshughulikia dai lenyewe.

Sasa tafuta vitu hivi nyumbani. Mkataba, kurasa zote. Beji ya kambi, ile yenye picha na rangi. Barua ya kumaliza kazi. Pasipoti yenye mihuri. Picha aliyopiga akiwa kwenye mnara, hasa kama moshi unaonekana nyuma. Kesho niandikie faraghani, nitakuelekeza aliponisaidia mimi.

#22 – Mtoto wa Masaka

Asante sana afande. Nimeongea naye sasa hivi. Beji ipo, ilikuwa ndani ya Biblia. Picha zipo mbili, moja ana miwani ya jua na nyuma yake kuna kitu cheusi, yeye anasema ndicho. Mkataba upo pia, ila ulikuwa kwenye sanduku la mbao, mchwa wamekula ukurasa wa mwisho, wenye sahihi.

#23 – Afande Mstaafu

Usiutupe. Piga picha kila ukurasa, na huo ulioliwa pia.

#24 – Binti wa Mvita

Afande, na dereva wa lori je? Baba mdogo hakupewa mkataba, alipewa kalenda.